Posa Mkiani mwa Ndege

Kati ya Bi Sindano na uwanja wa ndege palikuwa na ukuta wa matofali na uvumilivu wake, na vyote viwili vilikuwa na nyufa. Ndege ikitoka kutengenezwa, ililetwa nyuma ya ukuta huo, ikafungwa breki, kisha injini zikachochewa hadi mwisho kuona kama zimepona. Mkia ulielekea kwa Bi Sindano. Upepo wa moto wenye harufu ya mafuta uliruka ukuta na kubeba chochote kisicho na akili ya kujishikilia. Naye kazi yake ilikuwa kushona magauni ya harusi. Kuna bibi harusi aliyefuata gauni lake akalikuta juu ya nguzo ya umeme, linapunga mikono.

Alilalamika getini mpaka walinzi wakawa wanamwekea kiti kabisa. Jibu halikubadilika: hizo ni kelele za kawaida.

Binti yake, muuguzi, alipomleta mchumba nyumbani, Bi Sindano alimpenda papo hapo. Kijana mpole, asiyekula kwa maringo.

"Unafanya kazi wapi, mwanangu?"

"Uwanja wa ndege, mama."

"Ala! Basi unamjua yule mwanaharamu anayewasha midege hapa nyuma?"

Kijana akapaliwa na paja la kuku. Binti akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Nimewahi kumwona, mama."

"Ukimwona tena, mwambie namwombea kuhara."

"Salamu zitafika, mama."

Mwanaharamu mwenyewe ndiye huyo aliyekuwa akitafuna. Alikuwa fundi wa injini, na mkia uelekee wapi hakuchagua yeye. Alishamwomba meneja wao kinga ya chuma iliyopinda, ya kuurusha upepo juu. Meneja alimuuliza kama mtaa ule hauna pamba za masikio.

Sasa, meneja huyo alipenda hotuba kuliko chakula. Aliposikia fundi anataka kuposa na wazee wake wako mbali, alijiteua mwenyewe kuwa mshenga.

"Basi bosi, siku hiyo tusijaribu injini."

"Acha woga. Wanawake hawazimii kwa mngurumo."

Wakaenda. Meneja alikaa dirishani, nywele zake chache amezilaza kwa ustadi kutoka sikio hadi sikio. Akasimama, akakohoa.

"Tumepita hapa tukaona ua..."

Nyuma ya ukuta injini ikaamka. Vikombe vikacheza. Dirisha likafunguka lenyewe, vumbi likaingia kwenye chai, na zile nywele zikasimama wima kumsikiliza msemaji. Naye hakukoma, akaongeza sauti. Shela mpya ikang'oka msumarini ikatua kichwani mwake. Injini ikazimika ghafla, na mtaa mzima ukamsikia bwana mzima ndani ya shela akipiga kelele:

"TUNAOMBA KULICHUMA!"

Binti alikimbilia jikoni kucheka. Meneja akatema vumbi.

"Leo vijana wamezidisha," akajitetea. "Huyu wetu ndiye mwashaji hodari. Angekuwa zamu yeye..."

Akajiziba mdomo kwa shela, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Bi Sindano akamgeukia kijana taratibu. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na kuku wangu ukala."

"Nilikula, mama."

"Ukaongeza!" Akamvua meneja shela, akaikung'uta. "Mahari sitaki. Nataka hiyo kelele iondoke. Siku itakapoondoka, na posa yenu nitaijibu."

Meneja alirudi kazini akakuta habari imemtangulia, mafundi wanamwita Bi Harusi. Hakuuliza tena habari za pamba. Majaribio yakahamishiwa upande wa mbali, kwenye nyasi tupu, na kinga ya chuma ikasimamishwa nyuma ya mikia. Binti alisubiri huku akinung'unika: "Wenzangu huposwa kwa pete, mimi kwa mabati."

Siku ya jaribio la kwanza fundi aliwaachia wenzake zamu, akaenda kukaa kando ya cherehani ya Bi Sindano. Mngurumo ukaja, mdogo, wa mbali. Pazia halikutikisika.

"Bado nasikia," akasema Bi Sindano.

"Mama, ni ndege, si paka."

Akakata uzi kwa meno, akamtazama kijana juu hadi chini, kisha akachukua futi ya kupimia.

"Simama nikupime. Suti uliyokuja nayo kuposa ilikuwa kama iliyovuliwa marehemu."