Kijitabu cha Altenrode

Barua ya Thadeus ilikuwa na mistari minne tu. Amepata kazi kiwandani hukohuko Ujerumani alikosomea, anaomba ruhusa ya Baba abaki moja kwa moja, na kijitabu cha mji anaokaa, Altenrode, amekiweka humo ili tuelewe. Tuelewe nini? Thadeus ndiye kitinda mimba. Kwetu Kibosho kitinda mimba ndiye anayeachiwa nyumba ya baba na kihamba chake, shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Asiporudi, nani? Mimi Zita, dada yake niliyerudi nyumbani baada ya kuachika, kwa mila simo.

Ila kusoma nimo. Kijerumani nilikiokota kwa masista, nikiwafulia mashuka.

"Wakazi elfu sitini na mbili," nikamsomea Baba. "Mto mmoja, madaraja matano, kiwanda cha bia."

"Ya ndizi?"

"Ya shayiri, Baba."

"Na migomba wamepanda wapi?"

"Hawana."

Akakuna kichwa. Baba yangu, Mzee Damian, akikuna kichwa ujue amechanganyikiwa, na mimi sikuwa na nafuu. Ukurasa wa tatu ulisema mji una miaka mia saba. Wa nne ukasema nyumba zake zimejengwa mwaka hamsini na tatu. Nilirudia mara tatu, hasira zikanipanda. Mji gani huo, kikongwe na mtoto mchanga kwa pamoja? Nikadhani Kijerumani changu cha mashuka kimeniangusha.

Maelezo yalikuwa chini, kwa herufi ndogo: mji uliteketea wote wakati wa vita. Wenyewe wakarudi, kila mtu akajenga kwenye kiwanja cha baba yake.

"Soma tena," Baba akasema. Nikasoma. Akacheka, mara ya kwanza tangu barua ifike.

"Chukua kalamu. Andika: Thadeus, wenzako huko waliunguliwa na kila kitu, na bado wakarudi kwao. Nyumba yako haijaungua. Njoo."

Nikaandika yote, ila baada ya "Nyumba" nikaacha nafasi. Nyumba hiyo nimeifagia miaka tisa, kuta zake nimezikandika kwa mikono hii. Akirudi akaoa, mimi nitalala wapi? Asiporudi, Baba atakufa kwa kihoro. Nilimtaka ndugu yangu aje, na nilitaka asije, na sikujua lipi ni dhambi.

"Umemaliza?"

"Bado neno moja, Baba."

Nikaandika: *yako*.