Mikono ya Mpiga Litungu

Omollo alianza na mikono, kama ilivyo desturi yake. Uso ukikosewa jamaa husamehe, lakini mpiga muziki mwenye vidole kama mihogo huchekwa hadi sokoni. Kibanda chake cha kuchorea kilikuwa Mpumudde, Jinja, ubavuni mwa kinyozi. Night alikuwa ametoka Busiu, upande wa Mbale, na kipicha cha mumewe, akataka achorwe akipiga litungu lake la nyuzi saba. Mume huyo, Wangila, aliimba matangani kuhusu mashamba yaliyomezwa na mkubwa mmoja, na kabla matanga hayajaanuliwa gari lisilo na namba lilimchukua. Ukoo ulisema asiyekuwepo na lake halipo, wazike shina la mgomba mahali pake kama afanyiwavyo asiyerudi. Night alikataa katakata.

Asubuhi Omollo alikuta mikono ya pichani imekwenda nyuma ya mgongo, litungu limeegemea goti peke yake. Alilaumu rangi, akachora upya. Kesho yake mikono ilikuwa nyuma tena, na mashavu yamebonyea. Kinyozi alichungulia, akasema mtu huyo amefungwa kamba, akarudi kwa mteja wake.

Night alipoiona alilia kwa furaha, maana maiti hafungwi mikono.

"Iko hai," alisema. "Twende tuwaonyeshe."

Waliibeba picha hadi lango la kambi ya jeshi. Afande wa zamu aliikagua kwa utaratibu, mbele na nyuma, kisha akawarudishia kwa adabu.

"Kamba ni yetu," alisema. "Lakini mtu huyo hatuna, mama."

Walirudi mara nyingi, na jibu lilikuwa lile lile. Kila safari Wangila alikuwa amekonda zaidi, mpaka shati alilochorewa likampwaya.

Halafu siku moja ya mvua Omollo alifungua kibanda, akakuta mikono iko kwenye nyuzi, pale pale alipoichora mwanzo. Kinyozi alimpongeza kwa kazi safi. Omollo aliketi mlangoni kumngoja Night.

Night alifika, akaitazama picha, akakaa chini.

"Fundi," alisema, "mufunge tena."

Omollo alichukua brashi. Alichora mikono nyuma ya mgongo, akachora na kamba, akaikaza kwa rangi nyeusi. Wakangoja pamoja rangi ikauke. Ilipokauka, vidole vya Wangila vilikuwa vimetulia juu ya nyuzi.