Miti Ambayo Mama Hakupanda

Fridah alikulia Kitale, kwenye mahindi mpaka jicho lichoke. Ndiyo maana, alipoolewa na Makokha huko Bokoli, shamba la mama mkwe wake, Mama Agneta, lilimwacha mdomo wazi. Kashamba kadogo tu, lakini juu kuna miti ya misiola, mkuyu na mzambarau, katikati migomba na kahawa, chini kunde na mboga za saga, na ndege hawanyamazi. Alijikuta akiongea kwa sauti ya chini, kama aliyeingia kanisani.

Makokha yeye aliona kichaka. Alitaka kukifyeka apande blugamu, miti ya kuuza mbao, na fundi wa msumeno wa mashine alikuwa anakuja asubuhi hiyo. Mama Agneta hakupinga, angepingaje? Kwa mila yao mwanamke hapandi mti, na asiyepanda hana usemi mti ukikatwa. Alichukua jembe akaenda kupalilia, macho mekundu.

Fridah alimfuata. "Mama, ni baba alipanda hii yote?"

"Baba yenu alikuwa kazi Mombasa. Alikuwa anakuja Krismasi tu."

"Sasa ni nani?"

Fridah alikuwa ameshika kamche katikati ya kunde, anataka kukang'oa. Agneta alimdaka mkono.

"Hako wachana nako. Ni ndege amepanda. Mimi sipandi, mtoto wangu. Nikipalilia, nairuka tu na jembe."

Fridah aliinua macho polepole, kutoka kwa kale kamche hadi kwenye kilele cha mkuyu. Miti hiyo yote ilikuwa imerukwa na jembe moja. Akakaachilia kamche taratibu.

Fundi alifika na Makokha. "Tuanze na gani, bosi?"

Makokha alionyesha msiola, kisha akashusha mkono. Nyumba alimozaliwa ilijengwa kwa nguzo zake. Aligeukia mkuyu, lakini chini yake ndipo kilipo kisima kisichokauka hata Januari. Mzambarau ulikuwa umempeleka shule, mama akiuza matunda sokoni. Alizunguka, fundi akingoja, mpaka akafika walipokuwa wanawake.

"Makokha, mguu," Fridah alisema.

Alitazama chini. Buti lake lilikuwa linashukia kale kamche. Akaliinua, akapitisha hatua juu yake, akakanyaga kando.

Mama Agneta alianza kulia waziwazi. "Hivyo tu," alimwambia mwanawe. "Yote ilipandwa hivyo tu."

Makokha alimwambia fundi aende nyumbani.