Vugo Bila Bibi Harusi

Asubuhi ile sebule yangu ya Makorora iligeuka studio. Rahimu, fundi wa kurekodi kutoka Mabawa, alitundika magodoro yangu yote ukutani na dirishani kuzuia kelele, akazima feni kwa kuwa inavuma, akatukataza hata kukohoa. Sisi wanawake wapokeaji wa wimbo tulibanana na pembe za nyati mikononi, jasho linatutiririka. Mbele yetu alisimama Bi Mwatumu, ambaye zamani Tanga nzima haikuoza binti bila kumwita aje kupiga vugo, ngoma ya pembe ya kumwimbia bibi harusi.

Zamani, nasema. Siku moja harusini walimwashia spika katikati ya wimbo, akazitia pembe zake guniani na kusema basi. Nimembembeleza miaka na miaka mpaka akakubali tuzirekodi zile nyimbo kabla hatujazikwa nazo. Lakini alinipa sharti.

"Leo ikishindikana, Zuwena, gunia linarudi uvunguni. Wala usinifuate tena kwangu."

Na ilikuwa inashindikana! Sauti ilitoka, lakini imepoa kama chai ya jana. Kila akifika katikati anakatiza, anatazama huku na huku.

"Namwimbia nani?" akauliza. "Vugo ni la bibi harusi. Mie hapa naona godoro."

"Bibi, jifanye tu yupo," Rahimu akasema.

"Nijifanye! Mie mchekeshaji?"

Joto likatushinda. Kwa kiherehere changu nikashusha godoro la dirishani tupate upepo, tukapiga pembe upya, kwa hasira. Hapo ndipo Makorora ikasikia.

Kwetu vugo halipigwi ovyo. Ukilisikia mtaani, kuna binti anaolewa, na kama hukualikwa, basi umetukanwa. Haukupita muda mlango ukasukumwa. Akaingia jirani yangu Bi Mwanasiti, unga wa maandazi bado mikononi, na nyuma yake mtaa mzima.

"Zuwena! Unamwoza mwanao Hasina kimyakimya, na sie tumepakana ukuta kwa ukuta?"

"Hasina yuko Horohoro kazini! Haolewi mtu hapa, tunarekodi!"

"Haolewi mtu na vugo linalia? Hasha! Uchuro huo!"

Kila mmoja akawa anasema lake. Rahimu kashika kichwa. Nilipogeuka nikamwona Bi Mwatumu anatia pembe guniani, moja moja. Nikapiga magoti, nikalishika lile gunia.

"Bi Mwatumu, nakuomba. Usiondoke."

"Niachie, mwanangu. Wamesema kweli. Vugo bila bibi harusi ni kelele tu."

"Basi si atafutwe!" akadakia Bi Mwanasiti, ambaye hasira zake huisha hata maji hayajachemka. "Nani humu ndani hajapigiwa vugo?"

Macho yote yakanigeukia mimi, na watu wakaangua kicheko.

Kila mtu anajua ndoa yangu ni ya mkeka. Baba, Mungu amrehemu, alimkuta Yasini wangu uani na kifurushi cha halua. Tulikuwa tunaongea tu, wallahi, tunaongea tu! Shehe akaitwa, mkeka ukatandikwa, na kabla ya magharibi nikawa mke wa mtu. Nikatolewa kwa mlango wa uani, nimefunikwa buibui la mama, bila kigelegele hata kimoja. Nimewapokelea nyimbo mabinti wa watu wasiohesabika, mwenyewe sijawahi kuimbiwa.

"Mie na umri huu? Nina wajukuu!" nikapiga kelele, lakini wameshanikalisha kitini, kanga mpya kichwani, asumini masikioni. Poda ilikosekana, kwa hiyo Bi Mwanasiti akanipaka unga wake wa maandazi.

Bi Mwatumu akanitazama. Kisha akatoa pembe guniani.

"Rahimu, washa."

*Mwana toka kwa mlango wa mbele,*
*Jua li wazi, waone wenyewe.*

Sauti ile! Ilirudi yote, nzito na tamu, mpaka Bi Mwanasiti akakaa chini. Wimbo huo naujua kuliko jina langu, lakini siku ile sikuweza kuupokea. Nililia chini ya kanga huku nacheka, na furaha ikanizidi kimo.

Yasini akarudi kutoka sokoni na kikapu cha dagaa.

"Kuna nini?"

"Unaoa!" wakamjibu kwa pamoja.

"Namwoa nani?"

"Mkeo!"

Akanitazama na unga wangu usoni. Akatua kikapu.

"Basi ningojeni nikavae kanzu."

Wimbo ulipokwisha, Rahimu akavua vile vidude vyake vya kusikilizia masikioni, mnyonge.

"Bibi, vigelegele vimeingia vingi, na vicheko. Turudie?"

"Turudie nini?" Bi Mwatumu akasema, ameshajifunga kibwebwe. "Beba mashine yako utufuate. Zimebaki nyimbo za kumtoa nje, na ni nyingi."

Wakaufungua mlango wa mbele. Bi Mwatumu akatangulia, anaimba na pembe zake mkononi, na mimi nikatoka mchana kweupe nimeshikwa mkono na mume wangu, mtaa mzima unatutazama.