Dobi Mwenye Doa

"Nani mwingine kama si wewe?" Dobi alisimama mlangoni kwa jirani yake, mikono bado ina povu. "Meneja wa nyumba ya wageni kanirudisha na tenga langu tupu. Eti hawezi kumpa mashuka mtu mwenye doa kichwani! Na mtaani huku mwenye mdomo wa kusambaza habari ni mmoja tu, Redio."

Redio, jina alilopewa kwa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya, alijishika kiuno.

"Mwenzangu, mimi kusema nasema. La mke wa fundi bomba nilisema mimi, wala sikatai. Lakini hili lako nimeletewa, tena limeshachacha. Kwani doa lenyewe ni la nini?"

Dobi alitaka kumtukana, akajikuta anaeleza. Kwa muda moyo wake ulikuwa ukienda mbio hata akiwa amekaa tu. Kikianguka kifuniko cha sufuria, anaruka kama kaunguzwa na pasi. Alipokwenda hospitali, daktari akamwambia moyo ni mzima, kelele zinaanzia juu.

"Huku nyuma, chini ya ubongo, karibu na unapoungana na uti wa mgongo, kuna kidoa, kimoja kila upande. Hapo ndipo inapotoka kemikali inayobeba habari za hatari, noradrenalini sijui. Ukishtuka tu, inasambaa kichwa kizima. Kila mtu anavyo. Ila vyangu, kwa kuandamwa na mawazo, vimezoea kupiga mbiu hata pasipo na mwizi."

"Kila mtu? Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Makubwa! Kumbe nimebeba mbea mwenzangu kisogoni!" Redio alicheka mpaka akashika mlango, kisha kicheko kikamkatika. "Lakini mimi niliambiwa doa la bluu. Kwamba bluu ya kufulia imekupanda kichwani, na siku si nyingi utayaunguza mashuka ya watu."

Dobi aliganda. La bluu.

Hapo mlangoni alikuwa hajaitaja rangi. Kwa mumewe alisema ni uchovu tu. Watoto hakuwaambia kitu. Rangi ya vile vidoa ilitajwa chumbani kwa daktari, na mle ndani hakuwamo mwingine ila wifi yake, dada wa mumewe, aliyemshika mkono muda wote na kumwambia asiogope, wao ni damu moja.

"Nani kakuambia?"

Redio alitazama ng'ambo ya ua, kwenye kamba ya nguo ya wifi. Dobi akayafuata macho yake.

Mashuka meupe yalikuwa yakipepea. Kila mteja, Dobi humtilia uzi wa rangi yake kwenye pindo, vitu visichanganyike. Wa nyumba ya wageni ulikuwa wa kijani. Ncha za kijani zilionekana wazi kila upepo ulipogeuza nguo. Alizishona kwa mkono wake.

Wifi alitokeza katikati ya mashuka, akatoa kibanio mdomoni.

"Wifi, umeamkaje? Pumzika bwana, daktari si alisema upumzike? Mimi nakushikia tu hapa."

"Unanishikia," Dobi alisema.

"Sasa ningeacha kazi iende kwa watu baki?"

Moyo ulianza mbio zake. Mbiu ilipigwa huko kisogoni, na safari hii mwizi alikuwapo, tena anamwita wifi. Dobi alitafuta neno la kumrushia, akapata moja tu.

"Suuza tena. Bluu umetia nyingi."

Redio alimshika kiwiko, akamgeuza kuelekea mlangoni kwake. Ndani kulikuwa na vicheko, vijiko na viti vinavyoburutwa. Nyumba ile haikujua kuwa tupu.

"Njoo, dada. Nawa povu hilo, uingie ule. Leo humu ndani hakuna atakayesengenywa."

"Kwako?"

"Basi, mpaka umalize kula. Ingia."