Maji ya Mfuga Nyuki

Kitendawili: nyumba sijaikanyaga, ikivuja nalowa mimi. Jibu ni fundi cherehani, aliyekuwa akishona vifungo huku roho yake iko nchi za mbali. Simu aliiegemeza kwenye kopo la nyuzi, akasoma blogu za watu asiowajua: huyu kapatwa na tetemeko, yule moto umefika uani kwake. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshona naye chumba kimoja, alimtania kwamba anawalilia wageni huku kaka yake analishwa wali ulioungua.

Aliyemshika moyo zaidi ni mwanamke aliyejiita Mama Njiwa. Kila siku fundi alisoma habari yake mpya tu, mistari michache: njiwa wake, mama yake asiyeweza tena kutembea, mto ulio nyuma ya nyumba. Kisha mvua ikaja, wakahamia ghorofani. Sasa bibi kizee analia, anataka kitanda chake cha chini. Mama Njiwa akawauliza wasomaji wake: kuna mwenye habari za kule mto unakotoka?

Fundi akatafuta, akapata blogu ya mfuga nyuki wa huko. Hakuwa ameifungua hata mara moja. Akaisoma kama asomavyo kila kitu, kuanzia juu. Maji yamefika dirishani. Chini yake: yamefika mlangoni. Chini zaidi: yako bustanini. Mwisho kabisa: mawingu yametanda, mizinga bado mikavu. Akashusha pumzi. Akamwandikia Mama Njiwa kwamba kule maji yamekwisha, amteremshe mzee akalale. Jibu likaja upesi: ahsante dada, ubarikiwe, namteremsha.

Akampa wifi yake simu ajionee. Wifi akasoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Wifi, blogu ni kama sahani ukiosha," akasema taratibu. "Ya mwisho ndiyo inakaa juu."

"Una maana gani?"

"Dirishani ndiyo ya leo."

Fundi akanyakua simu. Vidole vilivyozoea kutunga uzi kwenye tundu la sindano havikuona herufi. Akaandika: mpandishe mama, nilisoma vibaya, maji yanakuja. Kimya. Akaandika tena. Wifi alikwishaacha mzaha, amesimama nyuma yake, mkono begani. Mteja akaja kuulizia gauni, akaambiwa arudi kesho, wala hakuna aliyemtazama usoni. Akilini fundi alimwona yule bibi amejifunika blanketi, na maji yanapita chini ya mlango bila kupiga hodi.

"Mimi ndiye niliyemlaza pale," akasema.



Simu ikalia. Mama Njiwa ameandika: "Nimembeba mgongoni, tuko juu. Godoro lake linaelea. Dada, sasa niambie kweli tupu. Kwa mfuga nyuki maji yamefika wapi?"

Fundi akaifungua ile blogu, akaanzia juu. Dirishani. Akaifunga, akaifungua upya. Dirishani. Mfuga nyuki hakuwa ameongeza neno tangu asubuhi.

Akatamani kumpa yule mwanamke neno la kumtuliza, maana lilikuwa tayari kwenye vidole. Akalifuta.

"Amenyamaza," akaandika. "Kama kuna njia ya kufika paani, pandeni sasa."