Kilo Tatu za Mkurugenzi

1.
TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE
OFISI YA BONDE LA MTO LWEMBE
Kompyuta mpakato mpya zimepokelewa. Zitagawiwa kwa kufuata vyeo.

2.
Nyepesi: kilo moja. Haina feni, haina kelele. Hesabu ya mafuriko: saa tisa.
Ya kitaalamu: kilo tatu. Inanguruma. Hesabu ileile: dakika arobaini.

Nilizipima mwenyewe, mimi Sekela, mtabiri wa mafuriko. Nyepesi ikipata moto hujipunguzia kasi. Niliandika yote kwenye ripoti, na jedwali nikaweka.

3.
Koridoni:
"Ile ya kilo tatu kapewa nani?"
"Mkurugenzi. Ulitaka mkubwa apewe kadogo?"
"Anaifanyia nini?"
"Anasomea barua."
Kicheko.

4.
Alhamisi, saa tatu asubuhi. Milimani mvua haijakatika siku ya tatu. Nimewasha hesabu kwenye nyepesi yangu. Mkurugenzi yuko semina mkoa mwingine, na ile nzito kaenda nayo.
Jibu: saa kumi na mbili jioni. Labda.

5.
"Mama, mto ukoje huko?"
"Umeingia kwenye migomba ya chini. Tuhame, mwanangu?"
"Nasubiri mashine, mama."

6.
Hesabu imefika 31%

7.
WARAKA: Tahadhari kwa wananchi isitolewe bila matokeo ya hesabu. Atakayekiuka atachukuliwa hatua.

8.
Wewe unayesoma, weka kiganja chini ya kompyuta yako. Vuguvugu tu? Yangu ilikuwa inachoma. Niliipepea kwa jalada la ripoti yangu mwenyewe, kurasa kumi na nne ambazo hakuna aliyezifungua. Nilikuwa na hasira.

9.
Ujumbe wa Mkurugenzi:
"Sekela, nimeona simu zako. Mashine iko kwenye projekta, tunaonyesha picha za semina. Subirini matokeo. Msizue taharuki."

10.
47%

moto

47%

11.
"Kuku nimewapandisha darini. Mashine imesemaje? Mwenyekiti anasema tungoje neno la ofisi, na huku ofisi tunayoijua ni wewe."
"Mama, ondoka."
"Ndivyo mashine ilivyosema?"

Nikaitazama skrini: bado 47%.

12.
"Ndiyo. Imesema. Waambie wote, mama. Nyumba zote za bondeni, sasa hivi."
"Ngoja kwanza nikamwite mama Tusajigwe, yule hasikii vizu—"

13.
48%

14.
Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

15.
48%